Maini ya Namba Arobaini na Saba

Meza ya Fundi ilikuwa na misumari isiyoshikilia kitu.

Ilikuwa ile midogo ya kupigilia soli, imepangwa ukingoni mmoja mmoja kama watu kwenye foleni. Arobaini na mmoja ya shaba, hamsini na minane myeusi. Mteja mgeni akiuliza ni ya nini, Fundi alijibu neno moja tu.

"Damu."

Mteja akachukua kiatu chake akaenda zake. Hakuuliza tena.

Na lilikuwa jibu la kweli. Kila mkewe alipotoka kuchangia damu, alipigilia kwa mkono wake msumari wa shaba. Alipotoka Fundi mwenyewe, alipigilia mweusi. Walianza zamani, mtoto wao wa mwisho alipozaliwa na mama akavuja mpaka midomo ikawa kama majivu. Mifuko mitatu ya damu ya watu asiowajua ndiyo iliyomrudisha. Alipopata nguvu za kusimama, mwanamke akasema sasa zamu yetu. Fundi hakubisha. Kwa mkewe alikuwa habishi, anakohoa tu.

Mkewe alikuwa na hesabu yake. Wakifika mia wao wawili, watadai pakiti nzima ya biskuti. Maana kituoni, mtu akishatoa damu, hupewa soda na biskuti mbili. "Mbili!" mwanamke alikuwa akisema njia nzima ya kurudi nyumbani. "Mtu katoa mfuko mzima wa damu, anapewa biskuti mbili kama mtoto aliyekubali kuoga!"

Mwaka jana walifika tisini na tisa. Akachukua sindano ya kushonea viatu, akatoboa tundu mwisho wa safu.

"Hapa pa mia," akasema. "Zamu yako. Usinicheleweshe."

Kisha akafa. Ghafla, siku ya kawaida, nguo zikiwa bado kwenye kamba.

Miezi saba sasa tundu liko wazi. Vumbi la ngozi likiliziba, Fundi hulipuliza.

Angekwenda mapema, lakini hakuwa na mwili wa kwenda. Alipokuja kuzinduka, siku zilikuwa zimeyoyoma. Kituo kina sheria: ukitimiza miaka sitini na mitano, basi, asante, kaa nyumbani. Na Fundi siku yake ya kuzaliwa haijui. Mama yake alimwambia tu kwamba mvua ilikuwa inanyesha. Ila karani wa vitambulisho hakutaka mvua, alitaka tarehe. Akamtazama Fundi meno kama anayenunua punda, akaandika. Kwa hiyo Fundi alizaliwa na karani. Na siku aliyozaliwa na karani, ya kutimiza sitini na mitano, ilikuwa imebaki wiki kumi na moja.

Akavaa shati la kutokea, akaenda kituoni.

Muuguzi alikuwa anamjua. Akampa pole ya msiba, akamchoma kidole, akalitia tone kwenye kimashine. Kimashine kikafikiri. Muuguzi akakunja uso.

"Kumi na mbili na nukta moja, Baba. Mwanamume tunataka kumi na tatu."

"Kimekosea."

"Hakijakosea."

"Kipulize."

Muuguzi hakukipuliza. Akamweleza kwamba chuma kimepungua mwilini. Damu bila chuma ni kama chai bila majani. Akitolewa leo ataanguka mlangoni, na yeye muuguzi ataulizwa. Fundi akatazama kidole chake kana kwamba ndicho kilichomsaliti.

Pembeni alikuwepo msichana mwenye miwani na rundo la karatasi. Alitoka kwenye utafiti. Walitaka watu mia tatu wanaotoa damu mara kwa mara, wajue nani chuma chake hurudi upesi, nani hukawia, na kwa nini. Kituo kizima kilimwita Dada Takwimu, maana hakuna alichokiona asikihesabu. Siku ile alikuwa ameshahesabu vigae vya ukutani.

"Baba, ingia kwenye utafiti wetu," akasema. "Tutakupima mara kwa mara. Pengine utafika kumi na tatu kabla siku zako hazijaisha."

Fundi akamtazama.

"Za kutoa damu, Baba! Siku za kutoa damu!"

Ndivyo Fundi alivyokuwa mshiriki namba arobaini na saba.

Akapewa daftari. Kila ukurasa una siku, kila siku ina asubuhi, mchana na jioni. Fundi akalirudisha mezani.

"Mimi shule niliisikia kengele tu."

"Hakuna shida," Dada Takwimu akasema. "Utachora. Chora kila kitu kinachowekwa mezani, chakula na kinywaji. Usiache hata kimoja."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Aliyataka maagizo ya namna hiyo. Mteja akisema shona hapa, hushoni pale.

*

Habari ilimfikia shemeji yake kabla ya yeye kufika nyumbani.

Huyu alikuwa mdogo wa kike wa marehemu. Aliuza nyanya sokoni, na sokoni walimwita Spika. Wenzake walilipia matangazo. Yeye alifungua mdomo tu. Hakuogopa mtu wala mnyama. Kitu kimoja tu kilimtoa jasho, nacho ni sindano. Dada yake alipokuwa akitoa damu, alimwita mke wa mbu. Na kila alipoalikwa kwenda naye, siku hiyo alikuwa na mgeni.

"Shemeji!" Sauti iliingia kwanza, mwenyewe akafuata. "Nasikia umeisha chuma! Fundi mzima mwenye nyundo!"

"Nimepungua."

"Kupungua na kuisha ni ndugu wa tumbo moja. Kuanzia kesho utakula maini. Mchana, kila siku. Mimi ndiye nitakayeyaleta."

"Sili maini."

"Sikukuuliza."

Kesho yake saa saba kamili akaja na bakuli. Na keshokutwa. Maini hayakuwa shida kwake. Muuza nyama wa pale sokoni alikuwa na jambo lake moyoni juu ya Spika, na kwa kuwa hakuwa na ulimi mtamu, alilisema kwa maini. Siku za wiki alisema nusu kilo. Jumamosi alisema zaidi.

Fundi alilinusa bakuli. Lilinuka kama ngozi iliyolowa.

"Shemeji, nimeshika ngozi miaka arobaini na mitano," akasema. "Sitaanza leo kuitafuna."

"Onja kidogo tu."

"Onja wewe."

"Haya, tazama. Mimi naonja. Umeona? Sijafa. Mmh. Tena yameiva vizuri. Tazama na hiki. Na hiki. Shemeji, wewe unatazama tu? Na hiki."

Bakuli likaisha. Spika akajifuta mdomo, akalitazama kama aliyeibiwa.

"Kesho utakula," akasema.

Kesho yake hakula. Wala keshokutwa. Spika alikuja, akasihi, akafoka, akaonja, akamaliza. Chakula hakitupwi, alisema, dhambi hiyo. Akafunika bakuli na kitambaa, akapita mitaani akitangaza: "Natoka kwa shemeji yangu! Maini leo yote kwisha!" Uongo haumo hapo. Yalikuwa yamekwisha.

Fundi alikula mkate. Tangu mwenzake aondoke, alikuwa akila mkate na chai asubuhi, mkate na chai mchana, na jioni akibadilisha: chai na mkate. Aliweka mezani vikombe viwili. Alikuwa akiweka viwili kwa miaka arobaini, na mkono una kichwa chake. Alipokwisha kumimina ndipo alipokumbuka. Sasa chai imeshamiminwa, ufanyeje? Marehemu alikuwa hapendi chai imwagwe. Aliwahi kumnunia siku mbili kwa ajili ya nusu kikombe.

Basi akanywa chake, kisha akanywa cha mwenzake. Rangi iwe nzito, kama alivyoipenda yeye.

Na kila baada ya mlo alifungua daftari, akachora kila kitu kilichowekwa mezani. Hakuacha hata kimoja.

*

Jumatatu Dada Takwimu akaja kusoma daftari. Akalisogeza karibu na miwani, akalisogeza mbali.

"Baba, Jumanne ulikula soli?"

"Maini."

"Na hiki kisigino?"

"Mkate."

"Hivi hapa si viatu vya mvua? Viwili?"

"Vikombe."

Fundi alikuwa amechora maisha yake yote, lakini alichochora ni viatu. Kalamu ikishika karatasi, mkono ulijua njia moja. Dada Takwimu akajitengenezea orodha: soli ni maini, kisigino ni mkate, kiatu cha mvua ni chai. Akahesabu. Akahesabu tena. Uso ukamng'aa.

"Maini siku saba kwa siku saba! Baba, hakuna mshiriki anayekufikia!"

"Shemeji ndiye anayeleta," Fundi akasema. Ukweli mtupu.

"Bakuli zima?"

"Zima."

"Na linaisha?"

"Linaisha."

Fundi si mtu wa kuongeza neno palipokwisha kujibiwa. Na msichana wa watu hakuuliza linaishia wapi.

Wiki ya tatu akampima. Kumi na mbili kamili. Wiki ya sita: kumi na moja na nukta nane. Dada Takwimu akabadilisha kimashine, akachoma kidole kingine. Kumi na moja na nukta nane. Akaenda zake akitembea polepole, na siku hiyo hakuhesabu kitu.

Kule ofisini kwao ikawa kizaazaa. Daktari mkuu wa utafiti alikuwa mwembamba mwenye tai, aliyezoea kuona namba zikikaa kwa adabu. Washiriki waliokula maharage walikuwa wanapanda. Waliokula mboga za majani walikuwa wanapanda. Kuna mmoja aliyekula biskuti tu na yeye alikuwa amesimama pale pale. Ila namba arobaini na saba, mla maini kuliko watu wote mia tatu, alikuwa anashuka kama ndoo kisimani.

"Huyu mzee," daktari akasema, "ama tumbo lake lina mlango wa nyuma, ama tumegundua kitu ambacho hakijawahi kuonekana."

La mlango wa nyuma lilimtia hofu zaidi. Mzee akipungukiwa damu, huenda inavujia tumboni. Kwa hiyo Dada Takwimu akatumwa na kikopo kidogo chenye kifuniko chekundu.

Fundi akakitazama kikopo.

"Cha nini?"

Dada Takwimu akaeleza kwamba kinachotakiwa ni choo kidogo, macho yake yakiwa kwenye dari.

Fundi akakisogeza kikopo mbali kwa ncha ya kidole.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikuja kutoa damu."

Lakini alikirudisha. Alikifunga kwenye boksi la viatu, namba arobaini na mbili, akalifunga kwa kamba mafundo mawili. Karani wa mapokezi alifikiri ni zawadi. Akakataa kulifungua mpaka Dada Takwimu mwenyewe arudi kutoka chakula cha mchana. Majibu yalitoka safi: hakuna damu inayovuja. Daktari akakosa usingizi siku tatu. Ya nne akawasha gari.

*

Walifika nyumbani kwa Fundi saa saba kasorobo, wiki ya nane. Daktari alikaa kwenye kiti cha wateja, magoti yakimgusa kidevu. Dada Takwimu alikaa juu ya debe la gundi.

"Mzee, sisi hatupo," daktari akasema. "Fanya kama siku zote. Sisi tunatazama tu."

Fundi akafanya kama siku zote. Akasukuma nyundo na nyuzi pembeni, akaweka mkate, akaweka vikombe viwili, akamimina chai viwili. Rangi yake ungeweza kupakia viatu. Dada Takwimu akaandika.

Saa saba kamili sauti ikaingia. "Shemeji, leo muuza nyama kazidisha! Sijui kaota ni..." Spika akawaona wageni. Sauti ikakatika kama redio iliyochomolewa.

"Endelea, mama," daktari akasema kwa upole. "Sisi hatupo."

Spika akaweka bakuli mezani. Akakaa. Akakunja mikono.

Fundi akachovya mkate kwenye chai, akala. Akanywa. Akachovya tena.

Maini yalikuwa yanafuka moshi katikati ya meza. Hakuna aliyeyagusa. Daktari akatazama bakuli, akamtazama Fundi. Spika akatazama bakuli, akatazama ukuta. Jasho likamtoka puani. Kidole kimoja kikasogea mezani chenyewe, akakirudisha kwa mkono wa pili. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Kwa nini ale, naye anajua saa saba kuna maini?

Fundi akamhurumia.

"Shemeji," akasema, "leo huli?"

Kalamu ya daktari ikasimama.

"Anakula nani?" akauliza.

"Yeye."

"Maini?"

"Yote."

"Kila siku?"

"Mimi naonja tu!" Spika akalipuka. "Namwonyesha mfano! Mtu hataki, nifanye nini, nimwage?"

Dada Takwimu alikuwa ameshalifungua daftari. "Baba! Soli hamsini na tatu! Umechora soli hamsini na tatu!"

"Ulisema nichore kilichowekwa mezani."

"Nilisema..." Akafunga mdomo. Alikuwa amesema hivyo hivyo.

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa tai. Mwezi mzima alikuwa akiandika juu ya mzee wa maajabu. Ajabu yenyewe ilikuwa imekaa mbele yake, imejifunga mtandio wa maua, inanukia kitunguu.

Fundi akamaliza kikombe chake. Akavuta cha pili, akaanza kukinywa.

"Na hicho, Mzee? Nacho chako?"

"Cha mwenzangu."

"Mwenzako yuko wapi?"

Spika akainamisha kichwa. Fundi akaonyesha kwa kidevu, nje, upande wa makaburini.

"Chai haimwagwi," akasema. "Alikuwa hapendi."

Dada Takwimu akatafuta kitu cha kuhesabu, akakosa.

Daktari alikohoa. Alipoanza kusema, alisema taratibu. Chai si mbaya, alisema. Lakini chai nzito ikinywewa pamoja na chakula hukifungia chuma mlango. Hicho kidogo kilichomo kwenye mkate hakiingii mwilini. Kikombe kimoja hufunga mlango. Viwili huweka na komeo. Mara tatu kwa siku, miezi tisa.

"Unywe saa moja baada ya kula, Mzee, au zaidi. Vyote viwili kama unapenda. Ila si pamoja."

Spika alikuwa anafikiri, na akifikiri huwa anafikiri kwa sauti.

"Kumbe dada yangu ndiye anayekunyima chuma," akasema. "Kafa, na bado anakuchagulia cha kunywa!"

Akajishika mdomo. Neno lilikuwa limeshatoka. Fundi akamtazama shemeji yake. Mabega yakaanza kumtikisika. Dada Takwimu alifikiri analia, akainuka kwenye debe. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, chai ikamwagikia shati la kazi, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya nguo kwenye kamba.

*

Zilibaki wiki tatu. Fundi akala maini.

Aliyakata kwa kisu cha ngozi, vipande vidogo kama viraka, akavimeza macho yamefumbwa, na Spika akisimama mlangoni kama askari. Akala maharage. Akala mboga za majani mpaka akasema sasa atalia kama mbuzi. Alimeza na vidonge alivyopewa na daktari. Chai akainywa saa nzima baadaye, akiitazama saa ya ukutani kama anayengoja basi. Kwa kuwa maini sasa yalikuwa yake, Spika alileta mabakuli mawili.

"Mimi nimeshazoea," alisema. "Mwili ukishazoea kitu usiukatize."

Siku ya mwisho kabla ya ile ya karani, Fundi akavaa shati la kutokea. Mfukoni akatia kitu, akafunga kifungo. Spika akamsindikiza mpaka kituoni. Kuingia aliingia, ila alisimama akiutazama ukuta, kisogo kwa sindano zote.

Muuguzi akachoma kidole. Kimashine kikafikiri.

"Kumi na mbili na nukta saba."

Fundi akakandamiza pamba kwenye kidole.

"Umepanda sana, Baba. Ungekuwa na mwezi mmoja tu..."

"Nukta tatu ni nini?" Fundi akauliza. "Kiatu kikipungua nukta tatu, kinavaliwa."

"Damu si kiatu, Baba."

"Pima kingine."

Akapima kingine. Kumi na mbili na nukta saba. Fundi akatoa cha tatu, na cha nne. Muuguzi akakifunika kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Baba yangu. Vidole ni kumi, damu ni ile ile moja."

Fundi akabaki ameketi. Kisha akafungua kifungo cha mfuko, akatoa msumari mdogo mweusi, akauweka mezani karibu na pamba. Hakumwonyesha mtu. Alichoka kuubeba tu.

Mlio wa msumari kwenye meza ya bati ulikuwa mdogo. Lakini Spika aliujua. Kwa miaka alikuwa akiucheka mlio huo nyumbani kwa dada yake. Akageuka. Akaona msumari, akaona mkono wa shemeji yake, vidole vinne vina pamba.

"Muuguzi," akasema, na kwa mara ya kwanza watu wa kituo kile walilazimika kutega sikio. "Hicho kimashine, kinaweza kunipima na mimi?"

"Umewahi kutoa damu, mama?"

"Usiniulize maswali nitakimbia. Nipime. Na mtu asinitazame!"

Wote wakamtazama. Akatoa kidole, akafumba macho, akapiga ukelele.

"Nimekufa!"

"Bado sijachoma, mama."

Akachoma. Kimashine safari hii hakikufikiri sana. Muuguzi akakisoma, akakitikisa, akakisoma tena.

"Kumi na nne na nukta tatu! Wiki nzima sijaona mwanamke wa namna hii. Mama, wewe unakula nini?"

"Maini yangu," Fundi akajibu.

Wakamlaza kwenye kiti kirefu. Spika alidai asomewe majina ya waliowahi kufa kwa sindano. Akaambiwa hakuna. Akasema basi wameficha. Fundi akakaa kando, akashika ncha ya mtandio wake, akaishika hivyo mpaka mwisho. Sindano ilipoingia kweli, Spika alikuwa katikati ya kumsimulia muuguzi tabia za muuza nyama, wala hakujua. Alipoona mfuko umejaa akauliza ni wa nani.

"Wako."

"Wote huo?" Akautazama kwa heshima. "Mwekundu mzuri."

Dada Takwimu alikuwa ameshafika na daftari jipya. Alimwandika Spika mshiriki namba mia tatu na moja, nje ya hesabu, kwa ruhusa ya daktari. Soli hamsini na tatu zilifutwa kwa arobaini na saba, zikahamishiwa kwa mwenyewe. Namba zikakaa kwa adabu, na daktari usiku huo alilala.

Muuguzi akaleta soda na biskuti mbili.

Fundi akazitazama.

"Pakiti," akasema.

"Baba, utaratibu ni..."

"Ya mia hii. Yeye alisema pakiti."

Muuguzi alimfahamu huyo yeye. Mara arobaini na moja alikuwa amemsikia akilalamikia biskuti kwenye kiti kile kile. Akafungua kabati, akatoa pakiti nzima, haijafunguliwa, akaiweka mapajani mwa Spika.

*

Nyumbani, Fundi akapuliza tundu. Ule msumari mweusi akaurudisha kwenye kopo, akachagua wa shaba, akamkabidhi shemeji nyundo.

"Mimi? Mkono wenyewe umefungwa bandeji!"

"Damu yako."

Spika akapiga. Akapiga meza. Akapiga kidole, akatukana nyundo na ukoo wa nyundo. Akapiga tena. Msumari ukaingia, lakini ukalala upande kama mlevi.

"Umepinda," akasema. "Ung'oe, tuweke mwingine."

Fundi akangoja saa ifike. Kisha akamimina chai, vikombe viwili, akafungua pakiti. Spika akavuta kikombe cha pili bila kuambiwa, akanywa, akakunja uso.

"Chai gani hii, nzito kama lami! Mlikuwa mnaishije?"

Fundi alikuwa ameinama anaitazama safu, ile arobaini na mmoja ya shaba. Hakuna hata mmoja uliosimama wima.

"Uache," akasema. "Ndivyo mnavyopiga kwenu."

Akachukua biskuti ya tatu.